Usiku wa Ishirini na Tisa

Alasiri ya Jumatano, tarehe 6 Mei 2020, shangazi yangu alinipigia simu kutoka Mji wa Kale, Mombasa, akaniuliza: "Ni leo au si leo?" Hakuwa na haja ya kulitaja jambo lenyewe. Huko mitaani Kibokoni na Kuze, kwa siku kadhaa, hakukuwa na mazungumzo mengine. Watu walisema mtaa utafungwa kwa sababu ya korona, asiingie mtu wala asitoke. Huyu alikuwa na sauti aliyorushiwa kwenye WhatsApp, ya msemaji asiyejulikana, ikisema askari wamekwisha kupangwa. Yule alikuwa na jamaa yake serikalini aliyemhakikishia kwamba hakuna lolote. Mimi nilikuwa Kisauni, ng'ambo ya daraja la Nyali, redio mbele yangu, nikingoja taarifa ya Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe. Nilimjibu shangazi kwa kweli pekee niliyokuwa nayo: "Sijui."

Ikawa ni leo. Mji wa Kale kwetu na Eastleigh kule Nairobi zilifungwa kwa siku 15, kuanzia saa 1 jioni ya siku ile ile. Ilikuwa Ramadhani. Saa 1 jioni kwetu ni saa ya watu kuwa wamekwisha kufuturu na kutoka kwenda kutazamana.

Tangu hapo mambo mengi yamepita, na wapo watoto wanaosoma leo ambao hawana kumbukumbu ya barakoa. Lakini lile "sijui" langu halijanitoka. Najiuliza ni kitu gani hasa kilichotuumiza siku zile. Ni kufungwa, au ni kutojua kama tutafungwa? Na kama ni kutojua, mbona binadamu hajapata kuishi hata siku moja akiijua kesho yake?

Kutojua tunakuzungumzia kama jambo la akilini, kumbe makao yake ni jikoni. Asubuhi ile shangazi alikuwa na nusu mfuko wa unga, mtungi wa gesi uliokuwa ukikaribia kwisha, na dawa zake za presha za siku 9. Akinunua unga wa mwezi na mtaa usifungwe, pesa ya nguo za Idd imekwenda. Asiponunua na mtaa ukafungwa, atamtuma nani? Muuza maji aliyemletea mitungi kwa mkokoteni alikuwa mtu wa Likoni, na mizani yake ilikuwa nzito zaidi. Kufika saa 1 jioni ilimpasa awe upande mmoja. Akiwa ndani ya Mji wa Kale atakuwa na kazi bila ya watoto. Akiwa Likoni atakuwa na watoto bila ya kazi. Alimwuliza shangazi lile lile swali ambalo shangazi angeniuliza mimi, akapata lile lile jibu. Mwishowe alikisia. Akaufunga mkokoteni kwa mnyororo ukutani, akaenda kuvuka feri saa 8 mchana.

Huko feri nako kulikuwa na kumbukumbu yake. Kafyu ya kwanza ilianza tarehe 27 Machi, wiki mbili baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza. Jioni ile umati uliokuwa ukingoja kuvuka Likoni ulirushiwa vitoa machozi na kupigwa na polisi, saa ya kafyu yenyewe ikiwa bado kufika. Watu walipigwa kwa kuchelewa kabla hawajachelewa. Kisha tarehe 8 Aprili Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa kwa siku 21. Siku 21 zilipokaribia kwisha zikaongezwa 21 nyingine. Baadaye ikasemwa hadi tarehe 6 Juni, na ilipofika tarehe hiyo Mombasa ikaongezewa siku 30. Tulifunguliwa alfajiri ya tarehe 7 Julai. Siku 21 zilikuwa zimezaa siku 90. Zile 15 za Mji wa Kale nazo ziliongezwa zilipokwisha, zikawa 31, na Idd ikaingia na kutoka humo humo.

Lakini nikizitazama siku 90 zile kwa jicho la shangazi, nakutana na jambo lisilonielea mara moja. Yeye si mgeni wa kukaa ndani. Miaka kadhaa kabla ya hapo alifiwa na mumewe, akakaa eda: miezi 4 na siku 10. Kwa hesabu ya miezi mwandamo hizo ni kama siku 128, nyingi kuliko zile alizofungiwa na serikali, mtaa na kaunti ukivijumlisha. Hakujipamba, hakujitia manukato, hakutoka ila kwa dharura. Hakuwekewa askari mlangoni. Lakini sikumbuki kumsikia akihesabu siku kwa uchungu kama alivyozihesabu zile za mwaka 2020. Nilipomwuliza tofauti ni ipi, alifikiri kidogo, kisha akasema: "Eda nalijua nakaa kwa ajili ya nani."

Neno hilo, ajili, linasikika jirani sana na neno jingine, ajali. Ajali leo tunaijua kuwa ni kugongana kwa magari, lakini wazee waliitumia kwa maana ya siku iliyokwisha kuwekwa, muda usiosogea mbele wala nyuma. Naona eda ya shangazi ilikuwa na vyote viwili. Ilikuwa na ajili, yaani yule anayekaliwa. Ilikuwa na ajali, yaani siku inayojulikana ambayo ataogeshwa, atavishwa nguo nyingine, na wanawake wa mtaani watamtoa nje. Arobaini ya mzazi iko vivyo hivyo, na arobaini ya marehemu pia. Hata mwizi katika methali yetu amewekewa siku zake, na ni hizo hizo arobaini. Neno karantini lenyewe linatokana na arobaini ya Kiitaliano. Mwaka 1377 mji wa Dubrovnik, ulioitwa Ragusa wakati huo, uliagiza kwamba wanaotoka kwenye nchi za tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia, na baadaye katika bandari za huko zikawa 40. Watu wa zama zile hawakujua tauni husababishwa na nini. Walijua tu kwamba anayeagizwa kungoja sharti aambiwe siku ngapi.

Ningeweza kukomea hapa na kusema kwamba mtu huvumilia kila kitu akijua mwisho wake. Ingekuwa rahisi, na ingekuwa kosa. Maana watu wa pwani, kila mwaka, hungoja jambo ambalo mwisho wake hawaujui, na hungoja kwa furaha.

Nasema usiku wa mwezi 29 wa Ramadhani. Jua likikaribia kuzama watu hupanda juu ya nyumba, wengine hushuka ufukweni, wote wakaelekea magharibi. Mwezi ukionekana kesho ni Idd. Usipoonekana kesho ni saumu ya 30. Mpishi hajui kama ataloweka mchele wa biriani au mbaazi za futari. Fundi cherehani hajui kama kanzu zinatakiwa asubuhi au amebakiwa na siku nzima. Watoto hawataki kulala. Simu zinapigwa Lamu, zinapigwa Unguja, redio inangojewa Kadhi Mkuu aseme. Kutojua kumetanda mji mzima, na hakuna anayehisi kudhulumiwa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini kutojua huku ni kwepesi na kule ni kuzito. Jibu nililofikia ni hili. Usiku wa ishirini na tisa tunajua alama tunayoitafuta, na alama hiyo iko hadharani. Mbingu ni moja. Mvuvi anaweza kuuona mwezi kabla ya sheikh, na ushahidi wake ukasikilizwa. Kadhi hauumbi mwezi. Hutangaza tu kwamba umeonekana. Pili, kutojua kwenyewe kuna kingo mbili. Hata wingu likizifunika mbingu zote, saumu haipiti 30. Hakuna atakayeamka kesho kutwa aambiwe kwamba Ramadhani imeongezwa siku 15. Tatu, tunangoja pamoja, tajiri na maskini, juu ya sakafu ile ile. Ni kweli tunagombana. Wako wanaofuata mwezi ulioandama popote duniani, na wako wanaotaka mwezi wa kwetu, na nyumba moja yaweza kula Idd mbili. Hata hivyo ugomvi wetu ni juu ya namna ya kuisoma alama. Hakuna anayeuliza kama alama ipo.

Alasiri ile ya Mei tulikosa yote matatu. Hatukujua ni nini kitakachowafanya waufunge mtaa: ni idadi ya wagonjwa, ni idadi ya waliokataa kupimwa, au ni hasira ya mtu? Hatukujua kitakachowafanya waufungue. Tulitazama juu, na hatukuonyeshwa mahali mwezi unapoandamia.

Hapa nataka kuwa mwadilifu, kwa sababu ni rahisi kumlaumu anayetangaza. Kuna kutojua kwa namna mbili, na kila kumoja kuna jina lake. Kuna ghaibu, na kuna siri. Ghaibu ni lile ambalo hakuna kiumbe anayelijua. Mwezi Mei 2020 virusi vile vilikuwa na miezi michache tu tangu vijulikane duniani. Waziri hakujua vitaenea kiasi gani Mombasa, wala daktari hakujua, wala Shirika la Afya Duniani kule Geneva halikujua. Kumtaka Waziri aseme tarehe ya mwisho kwa yakini kungekuwa kumtaka asome ghaibu. Siri ni nyingine kabisa. Siri ni lile ambalo kuna mtu anayelijua, au anayeweza kuliamua, ila hatwambii. Mtaa utapimwa kwa kipimo kipi? Mgonjwa wa presha atapataje dawa baada ya saa 1 jioni? Anayeishi ng'ambo atajulishwa saa ngapi kabla? Haya hayakuwa katika ghaibu. Yalikuwa mezani pa mtu.

Ubaya ni kwamba siri huvaa nguo za ghaibu. Yule ambaye hakujitayarisha husema "hali inabadilika kila siku", na kwa kuwa ni kweli hali inabadilika, hawezi kubishiwa. Naye raia aliyefunzwa tangu utotoni kwamba subira ni ufunguo wa faraja huinamisha kichwa mbele ya jambo lisilostahili subira. Mimi naamini subira ni ya ghaibu. Mbele ya siri wajibu wetu ni kuuliza, kwa adabu na bila kuchoka. Tukizichanganya, tutawakaripia madaktari kwa mambo wasiyoweza kuyajua, na tutawasamehe watawala kwa mambo waliyopaswa kutwambia.

Wakati ule ilisemwa sana kwamba watu wa Mji wa Kale ni wakaidi, wanaitwa wakapimwe hawaendi. Ni kweli wengi hawakujitokeza. Lakini aliyepatikana na ugonjwa, au aliyekaa karibu na mgonjwa, alipelekwa karantini, na waliotangulia huko walikuwa wamedaiwa gharama za makazi. Katika baadhi ya vituo siku 14 zilianza kuhesabiwa upya kila alipotokea mgonjwa mpya miongoni mwa waliokaa humo. Muuza samaki anaitwa aende apimwe, na hajui akienda atarudi baada ya siku ngapi na kwa deni la kiasi gani. Tulikuita kule ukaidi. Mimi nakuona kuwa ni akili ya kawaida ya mtu aliyeambiwa aingie chumba kisichoonyesha mlango wa kutokea.

Tena, kutojua hakugawanywi sawasawa. Kwangu mimi, mwenye mshahara wa mwezi na friji yenye chakula, kungoja tangazo kulikuwa wasiwasi wa moyo. Kwa muuza maji kulikuwa ni kuchagua kati ya watoto wake na chakula cha watoto wake, naye akachagua kwa kukisia. Tunapenda kusema kwamba sote tulikuwa katika dau moja. Bahari ilikuwa moja, hilo nakubali. Madau yalikuwa mengi, na mengine yalikuwa yakivuja kabla ya dhoruba.

Je, anayengoja ghaibu akae tu? Wako waliosema siku zile kwamba kujifungia ni kukimbia kadari. Nilikuwa nikimkumbuka Khalifa Umar, alipokuwa njiani kwenda Sham akafika Sargh na kupata habari kwamba nchi aiendeayo imeingiwa na tauni. Alishauriana na watu, kisha akaamua kurudi. Sahaba Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akakiri kwamba ndiyo, anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu, akapiga mfano wa mchunga ngamia aliyefika bonde lenye ng'ambo mbili, moja ya majani na moja kavu. Popote atakapolisha atakuwa amelisha kwa kadari, lakini mwenye akili huchagua majani. Umar hakujua tauni ile itaua wangapi, naye aliamua kwa hicho alichokuwa nacho.

Nafikiri ndiyo maana ya inshallah, neno ambalo tumelichosha kwa kulitumia vibaya. Tumelifanya mlango wa kutorokea. Mtu akikwambia "nitakuja inshallah" kwa sauti fulani, unajua haji. Asili yake ni kinyume cha hapo. Ni ahadi ya mtu anayejua kwamba kesho si mali yake na bado anaahidi. Upande wake wa ahadi anautimiza wote; upande usio wake anamwachia Mwenyewe. Asiyeahidi kwa sababu hajui kesho amejifungia mwenyewe kabla ya serikali kumfungia.

Shangazi hushona kofia za vito, zile za mkono, ambazo moja yaweza kumla wiki na wiki. Jioni ile ya tarehe 6 Mei, baada ya vizuizi kuwekwa, aliniambia kwenye simu kwamba ameanza kofia ya mwanangu, aliyekuwa na miaka 6, ya kuvaa Idd. Nilinyamaza. Hatukujua kama Idd mtaa utakuwa wazi. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu na taa ya chumbani mwake haikuwa kali. Nilitaka kumwambia asijichoshe, nikashindwa.

Idd ilifika mtaa ungali umefungwa. Kofia ilikuwa imebaki kidogo, akaendelea. Siku 15 zilikwisha zikaongezwa, naye hakuacha. Tangazo la tarehe 6 Juni lilipoufungua Mji wa Kale, nilivuka daraja la Nyali siku iliyofuata na mwanangu. Mkokoteni wa muuza maji ulikuwa bado umefungwa kwa mnyororo pale pale ukutani, vumbi juu yake. Kufuli halikuwa limefunguliwa. Mwenyewe alikuja wiki ile ile, akaufuta, akaanza tena. Katika tafakuri hii yote ndiye aliyelipa zaidi, na sikumsikia akilizungumzia jambo hilo.

Shangazi alimwita mtoto akamvika kofia. Ilikuwa kubwa kidogo, ikamshuka karibu na nyusi. Nilidhani macho yamemponza, nikataka kuligeuza liwe jambo dogo. "Si neno, Shangazi, atakua nayo," nikasema.

"Nimeiongeza makusudi," akanijibu. "Siku ya kumfika nalikuwa siijui, mwanangu. Kitwa nakijua. Nikaongeza kidole kimoja, kwa zile siku nisizozijua."